Mlango wa Snuka: Njia ya Mchezaji wa Ridhaa Kuingia Katika Mchezo wa Kulipwa

Tarehe 5 Mei 2025, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Uingereza, kijana wa Kichina aitwaye Zhao Xintong alimshinda Mark Williams wa Wales kwa fremu 18 kwa 12, akatwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa snuka. Alikuwa Mchina wa kwanza kuufikia ubingwa huo. Hata hivyo, jambo lililowashangaza wajuzi wa mchezo lilikuwa jingine. Siku alipoingia katika mashindano yale, kijana huyo hakuwa mchezaji wa kulipwa. Aliandikishwa kama mchezaji wa ridhaa, akaanzia chini kabisa katika raundi za mchujo, akashinda mechi nne kabla ya kuruhusiwa kuingia ukumbini. Humo ndani alimwangusha hata Ronnie O'Sullivan, aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia mara saba, kwa fremu 17 kwa 7.

Ndugu msomaji, wewe uliye kambini, kituoni au katika lindo la mpakani, huenda ukauliza: hayo yanatuhusu nini sisi wa Bujumbura? Swali hilo ni halali. Vijana wetu wengi hushika fimbo ya biliadi jioni, baada ya kazi, katika baa za mitaani na katika kantini. Wamo wenye jicho kali na mkono usiotetemeka, ambao wenzao huwasifu kwamba wangezaliwa ng'ambo wangekuwa mabingwa. Makala haya yanakusudia kuichunguza kauli hiyo. Je, ni kweli kwamba kinachomzuia kijana wetu ni mahali alipozaliwa, au kuna mlango ambao hatujaujua ulipo wala namna unavyofunguliwa?

Yafaa kwanza tuujue mchezo wenyewe. Snuka ni ndugu wa biliadi ndogo tunayoiona mitaani, lakini ni ndugu mkubwa. Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6. Mipira yake ni 22: mweupe mmoja wa kupigia, myekundu 15 yenye thamani ya pointi moja kila mmoja, na sita ya rangi nyingine, kuanzia wa manjano wenye pointi 2 hadi mweusi wenye pointi 7. Mchezaji hutumbukiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena, hadi akose. Mwenye kuimaliza meza yote kwa zamu moja, akiuchukua mweusi kila baada ya mwekundu, hufikia pointi 147. Mifuko ya meza hiyo ni myembamba, na kosa la upana wa unywele hutosha kumkalisha mtu kitini kwa dakika nyingi akimtazama mwenzake akijizolea pointi.

Tena mchezo huu ulizaliwa kambini. Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe mwaka 1938, Neville Chamberlain, ambaye si yule waziri mkuu wa Uingereza mwenye jina kama lake, alikuwa ofisa kijana wa jeshi la Waingereza huko Jabalpur, India, mwaka 1875. Yeye na wenzake waliongeza mipira ya rangi katika mchezo wao wa biliadi ili kujiburudisha. Siku moja ofisa mwenzake alikosa mpira mwepesi, na Chamberlain akamwita "snooker", jina la mzaha walilopewa wanafunzi uofisa wa mwaka wa kwanza katika Chuo cha Kijeshi cha Woolwich. Sisi tuliopita katika chuo cha maofisa tunaujua mzaha wa namna hiyo, na tunajua pia kwamba hauumizi. Chamberlain aliongeza kusema kwamba mbele ya mchezo huo mpya wote walikuwa makuruta. Jina likaganda hapo hapo.

Sasa tuje katika kiini cha mambo: mlango. Katika michezo mingi mtu huwa mchezaji wa kulipwa pale klabu inapomwajiri. Katika snuka hakuna klabu yenye kuajiri. Kuna msafara mmoja wa dunia wenye wachezaji wapatao 128, na kila mmoja wao ana kadi, yaani kibali cha kushindana kwa misimu miwili. Mwenye kadi huingia katika mashindano makubwa. Asiye nayo ni mchezaji wa ridhaa, hata awe na ustadi wa namna gani. Orodha ya ubora hupangwa kwa fedha za zawadi alizoshinda mtu katika miaka miwili. Ubingwa wa dunia unapomalizika, walio katika nafasi 64 za juu hubaki. Waliomaliza misimu yao miwili wakiwa chini ya hapo hupoteza kadi, isipokuwa wachache waliofanya vyema sana katika mwaka wa mwisho. Kwa hiyo kila mwaka viti kadhaa huwa wazi, na hapo ndipo mchezaji wa ridhaa anapopata nafasi yake.

Njia za kukifikia kiti kilicho wazi zimebadilika mara nyingi. Katika miaka ya 1960 wachezaji wa kulipwa walikuwa kundi dogo lililojifungia. Baadaye ubingwa wa ridhaa ukawa kama cheti cha kuombea nafasi. Jimmy White wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1980, James Wattana wa Thailand mwaka 1988, na Ken Doherty wa Ireland mwaka 1989. Wote watatu wakaingia katika mchezo wa kulipwa, na Doherty akawa bingwa wa dunia wa wanaolipwa mwaka 1997. Mwaka 1991 wakuu wa mchezo waliufungua mlango kwa kila aliyelipa ada, na mamia wakaingia. Lakini mlango ulio wazi kwa kila mtu ulileta msongamano wa mamia ya wachezaji wakishindania zawadi zisizowatosha, na haukupita muda mrefu kabla idadi hiyo haijapunguzwa tena.

Katika miaka hii ya karibuni milango mikuu ni mitatu. Wa kwanza ni Q School, mashindano ya kufuzu yaliyoanzishwa mwaka 2011. Mtu hulipa ada, huingia kwa jina lake mwenyewe, na wachache wanaofika hatua za mwisho hupewa kadi. Tangu mwaka 2022 yamefanyika pia kwa upande wa Asia, mjini Bangkok, mbali na yale ya Uingereza. Wa pili ni Q Tour, mfululizo wa mashindano ya ridhaa uliopewa jina hilo mwaka 2021. Anayeongoza orodha ya msimu hupata kadi, na wengine waliofanya vizuri hukutana katika mchujo wa mwisho. Zhao Xintong aliupitia mlango huu: alikwisha kujihakikishia kadi ya msimu uliofuata hata kabla ya kwenda Sheffield. Wa tatu ni ubingwa wa mabara na wa dunia katika ngazi ya ridhaa. Shirikisho jipya la dunia lilianzisha ubingwa wake huko Malta mwaka 2018, na mshindi wake wa kwanza, Luo Honghao wa China, akapewa kadi. Wanawake nao hawakusahauliwa, kwani mwaka 2021 Reanne Evans wa Uingereza na Ng On-yee wa Hong Kong walipewa kadi za misimu miwili kwa mafanikio yao katika msafara wa wanawake. Askari wa kike asidhani kwamba habari hii haimhusu.

Bara la Afrika nalo limekuwa likitengewa nafasi kwa mabingwa wake. Kwa njia hiyo Mohamed Ibrahim wa Misri na Amine Amiri wa Morocco wameingia katika msafara wa kulipwa. Waafrika wa kusini walitangulia: Perrie Mans wa Afrika Kusini alifika fainali ya dunia mwaka 1978 na kushinda mashindano ya Masters mwaka 1979. Basi hoja kwamba mchezo huu si wa Mwafrika haina miguu ya kusimamia.

Kupata kadi, hata hivyo, si kupata mshahara. Hili ni jambo ambalo askari, aliyezoea kupokea malipo yake kila mwezi, hana budi kulitafakari kwa makini. Mwenye kadi mpya huanza na sifuri katika orodha ya ubora. Nauli, malazi, chakula na ada za meza ya mazoezi ni juu yake. Hushindana na watu waliokaa mezani tangu utotoni, na akitolewa mapema zawadi yake ni ndogo au hakuna kabisa. Wachezaji wengi wa China walilazimika kuhamia Sheffield ili wawe karibu na mashindano na karibu na wapinzani wa kuwanoa. Msimu wa 2022/23 uliletwa utaratibu wa kumhakikishia kila mchezaji paundi 20,000, lakini fedha hizo zilikuwa malipo ya awali yaliyohesabiwa ndani ya zawadi zake. Bingwa wa dunia hupokea paundi 500,000. Habari hiyo husikika redioni. Habari ya yule anayerudi kwao baada ya misimu miwili akiwa na madeni haitangazwi.

Sasa tuitazame hali ya hapa kwetu. Kwa nini snuka haikuenea Burundi kama ilivyojulikana katika vilabu vya zamani vya Nairobi na Kampala? Jibu limo katika historia. Waingereza waliipeleka meza yao ya mifuko sita kila walikopandisha bendera. Burundi ilitawaliwa na Wabelgiji hadi uhuru wa mwaka 1962, na biliadi ya Wabelgiji ni ile isiyo na mifuko, ambayo mpira hupigwa ugonge mingine miwili. Katika aina hiyo Mbelgiji Raymond Ceulemans alikuwa bingwa wa dunia mara nyingi. Kila mkoloni aliacha meza yake, na sisi tukarithi ile iliyokuwapo.

Lakini hebu tuwatazame Wabelgiji hao hao. Mwaka 2009 mtoto wao Luca Brecel alikuwa bingwa wa Ulaya wa vijana walio chini ya miaka 19, naye alikuwa na umri wa miaka 14 tu. Mwaka 2010 alitwaa ubingwa wa Ulaya wa ridhaa kwa watu wazima. Mwaka 2011 akaingia katika mchezo wa kulipwa, na mwaka 2023 akamshinda Mark Selby kwa fremu 18 kwa 15 na kuwa bingwa wa dunia, wa kwanza kutoka bara la Ulaya nje ya visiwa vya Uingereza na Ireland. Nchi ambayo snuka haikuwa mchezo wake wa jadi ilitoa bingwa. Ilimtoaje? Ngazi zilikuwapo: shirikisho la taifa lilimwandikisha, shirikisho la bara likampokea, ubingwa wa vijana ukamfikisha kwenye ule wa wakubwa, na ule wa wakubwa ukamfikisha kwenye kadi.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Mlango wa ubingwa wa bara haumpokei mtu aliyejituma mwenyewe. Humpokea mchezaji aliyepelekwa na chombo cha taifa lake kinachotambuliwa. Ambaye nyuma yake hakuna chombo hubakiwa na Q School, mlango unaompokea mtu mmoja mmoja, lakini ulio mbali na wenye gharama. Kipaji ni mali ya mtu binafsi, ila jina lake katika orodha ya mashindano hupelekwa na wengi waliojipanga.

Sisi Warundi hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni, kwa kuwa tulikwisha kulipa gharama yake. Dieudonné Kwizera alikuwa mkimbiaji hodari mwaka 1988, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Seoul, na alikuwa hodari bado mwaka 1992 ilipofanyika Barcelona. Mara zote mbili hakukimbia kwa ajili ya Burundi. Miguu yake ilikuwa na nguvu, lakini nchi haikuwa na Kamati ya Olimpiki inayotambuliwa. Kamati hiyo ilitambuliwa mwaka 1993, na mwaka 1996 Burundi ikaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Atlanta. Ndipo Vénuste Niyongabo, aliyekuwa mmoja wa wakimbiaji bora duniani wa mita 1,500, alipomwachia Kwizera nafasi yake katika mbio hizo, naye akahamia mita 5,000 ambazo alikuwa hajazizoea. Tarehe 3 Agosti 1996 alizishinda kwa dakika 13 sekunde 7.96, akamwacha nyuma Paul Bitok wa Kenya, na kuiletea nchi yetu medali yake ya kwanza ya dhahabu. Kila Mrundi huikumbuka dhahabu hiyo kwa fahari. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miaka minane ya ujana wa Kwizera ilipotea kwa kukosekana kwa chombo.

Majeshi na polisi wa Afrika ya Mashariki wanaijua kazi ya chombo kumlea mchezaji wa ridhaa. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa polisi. John Akii-Bua, aliyeshinda mita 400 za kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, alikuwa polisi wa Uganda. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa mwanajeshi wa Tanzania. Kila mmoja wao alipata kwa mwajiri wake mambo ambayo raia wa kawaida hakuyapata kwa urahisi: chakula cha uhakika, muda wa mazoezi, na mkubwa wa kumtia nidhamu.

Katika snuka yenyewe uko mfano wa polisi. Ray Reardon wa Wales alianza kazi katika machimbo ya makaa ya mawe. Siku moja machimbo yaliporomoka, akakaa saa tatu amefukiwa, asiweze kujisogeza, hadi alipookolewa. Baadaye aliacha machimbo akajiunga na polisi katika mji wa Stoke-on-Trent. Kwa miaka mingi alikuwa akifanya kazi zake za zamu na kucheza kama mtu wa ridhaa. Mwaka 1964 alikuwa bingwa wa ridhaa wa Uingereza. Mwaka 1967 tu, akiwa na umri wa miaka 35, ndipo alipoacha kazi ya polisi na kuingia katika mchezo wa kulipwa. Alikuwa bingwa wa dunia mara sita kati ya mwaka 1970 na 1978, na alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 91. Tuzingatie utaratibu wake: hakutoroka kazini kwa sababu aliwashinda wenzake wa kituoni. Alingoja hadi ubingwa wa nchi ulipomthibitishia kwamba ustadi wake unatosha.

Liko jambo la mwisho, nalo ni nidhamu. Huyu Zhao Xintong tuliyeanza naye alikuwaje mchezaji wa ridhaa mwaka 2025, ilhali mwaka 2021 alikwisha kushinda mashindano makubwa ya Uingereza akiwa wa kulipwa? Alikuwa ameadhibiwa. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa China walifungiwa kwa makosa ya kupanga matokeo na kucheza kamari. Wawili miongoni mwao, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Zhao hakupoteza mechi yoyote kwa makusudi, lakini alikiri kuhusika katika mpango wa mwenzake na kuweka dau juu ya mechi za snuka, jambo lililokatazwa kwa kila mchezaji. Alifungiwa miezi 20, hadi Septemba 2024. Adhabu ilipokwisha hakurudishiwa kiti chake. Alirudi akapanga foleni ya ridhaa pamoja na wengine.

Tunaozifahamu meza za mitaani tunajua kwamba mara nyingi noti huwekwa pembeni ya kitambaa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Kijana anaiona kuwa starehe ndogo. Lakini anayezoea kucheza kwa dau, na anayekubali kushindwa kwa kuwa amelipwa, anajifungia mwenyewe mlango anaodai kuutafuta. Kwa askari hasara ni maradufu, maana mwenye deni la kamari ni rahisi kununuliwa, na anayenunuliwa mezani anaweza kununuliwa kwenye kizuizi cha barabara.

Kwa hiyo, tukirudi katika ile kauli kwamba kijana wetu angezaliwa ng'ambo angekuwa bingwa, jibu ni kwamba kuzaliwa ng'ambo si sharti. Masharti yenyewe yanajulikana. Kwanza, iwepo meza kamili ya futi 12, kwa kuwa aliyezoea meza ndogo hupotea akiwekwa mbele ya ile kubwa, kama mlenga shabaha wa mita 50 anapopewa shabaha ya mita 300. Pili, wapenzi wa mchezo, raia kwa askari, wawe na chombo kilichoandikishwa kisheria na kutambuliwa na shirikisho la bara, ili jina la mchezaji wetu liwe na mahali pa kupitia. Tatu, mchezaji aliye katika utumishi afuate njia ya ruhusa kwa wakubwa wake, abaki katika ridhaa hadi ajipime na mabingwa wa nchi jirani, na asiuache mshahara wake kwa sababu ya sifa za kantini. Nne, mezani pasiwekwe dau.

Sharti la pili ndilo zito kuliko yote, na ndilo lisilohitaji kipaji. Linahitaji watu wachache wenye subira ya kuandika katiba ya chama, kukusanya michango, kutunza hesabu na kujibu barua. Kazi hiyo haina makofi. Mwaka 1988 na 1992 haikuwa imekamilika, na Kwizera akabaki akitazama wenzake wakikimbia. Kijana anayepiga fimbo yake jioni ya leo huko Buyenzi au Ngagara asije akasimuliwa hivyo baada ya miaka minane.